Likizo Nzima Kando ya Bahari Mombasa: Mwongozo kwa Familia Inayotaka Kukaa, Si Kupita

Kila mwaka shule zikikaribia kufungwa swali ni lile lile: familia ya kawaida bado inaweza kuchukua nyumba kando ya bahari ikakaa likizo nzima, au hayo yamebaki ya wazee wetu na ya matajiri? Jibu langu ni kwamba inawezekana, na ni jambo la kupigania. Kilichokwisha ni ile njia ya zamani ya baba mmoja mwenye kazi nzuri, nyumba iliyotazamana na maji, na mama anayekaa na watoto tangu shule zifungwe mpaka zifunguliwe. Viwanja vingi vya mbele Nyali na Bamburi vimegeuka maghorofa na hoteli, nyumba zilizobaki zinakodishwa kwa usiku, na siku hizi baba na mama wote wako kazini.

Njia iliyobaki ni ya ndugu kuchangia nyumba moja kwa muda mrefu, barabara moja au mbili nyuma ya bahari, katika wiki ambazo wageni bado hawajafika. Hivi ndivyo inavyofanyika.

1. Anza na tarehe, nyumba baadaye

Wengi huanza kwa kutafuta nyumba nzuri, kisha wakaulizia bei ya Desemba, wakakata tamaa. Geuza utaratibu huo. Likizo ndefu ya shule zetu huanza mwisho wa Oktoba na kwenda hadi mwanzo wa Januari, karibu wiki 10. Katika hizo, zinazopandisha bei ni mbili au tatu tu, kuanzia katikati ya Desemba hadi mwaka mpya watu wa bara wanapoteremka wote kwa pamoja. Kabla ya hapo wenye nyumba wengi wamekaa na nyumba tupu na wanalipa mlinzi na mtunza bustani bila kuingiza kitu.

Kwa hiyo wiki zako ni zile za tangu mwanzo wa Novemba hadi kama tarehe 18 Desemba. Mvua za vuli zipo, lakini mara nyingi hunyesha kidogo na kupita, na bahari ya msimu huo imetulia kwa sababu upepo wa kusi umekwisha na wa kaskazi ndio kwanza unaingia. Maji ni ya vuguvugu. Krismasi nendeni kwenu, au bakini majumbani, na mumwachie mwenye nyumba wageni wake wa bei ya juu. Ukimwambia mapema kwamba utatoka kabla ya msimu wake wa mavuno, umeshapata nusu ya punguzo.

Likizo ya Agosti ni fupi, kama wiki 3, na kusi bado inavuma. Kuna upepo, mawimbi, na mwani mwingi unaotupwa mchangani. Watoto hawajali, na bei huwa nafuu. Likizo ya Aprili sishauri kwa kukaa muda mrefu, maana masika ikishika mtashinda ndani mkitazamana.

Familia yenye mtahiniwa wa Kidato cha Nne isubiri mtihani wake umalizike. Nyumba yenye watoto kumi haina kona ya kusomea.

2. Panga watu kabla ya pesa

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Ukizitoa zote kwa mkupuo hazifiki wiki 6, na wengi hawaruhusiwi kuzichukua pamoja. Hapo ndipo watu husema haiwezekani tena. Lakini ndugu watatu na wenzi wao ni watu wazima sita. Kila mmoja akitoa wiki moja ya ruhusa, wiki sita zimefunikwa, na bado ana siku za kubakisha kwa dharura za mwaka.

Andikeni zamu kwenye karatasi mwezi wa Julai, kila mtu ajaze wiki yake na aombe ruhusa kazini siku hiyo hiyo. Hakikisheni kila wiki ina mtu mzima mmoja ambaye hana kazi nyingine ila watoto, na ikiwezekana wa pili anayefanya kazi zake kwa kompyuta kutoka hapo nyumbani. Huyu wa pili asihesabiwe kuwa mlezi. Aliye kwenye mkutano wa simu hawezi kumtazama mtoto aliye ndani ya maji.

Halafu kuna bibi. Familia nyingi zinazofanikiwa kukaa likizo nzima zina bibi, au shangazi aliyestaafu, anayekaa tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye ndiye anayejua mtoto gani hakula na nani analia usiku. Lakini naomba sana: asiende kuwa mpishi, dobi na askari wa watoto kumi huku wazazi wakija wikendi kuogelea. Mwekeeni msaidizi wa kupika na kufua wa kulipwa, mpeni chumba chenye hewa na choo cha karibu, na siku yake ya kwenda mjini kuwaona wenzake. Bibi akirudi amechoka, mwakani hakuna likizo.

3. Hesabu ya pesa, na chama cha ukoo

Bei za mtandaoni ni za usiku, na ndizo zinazowatisha watu. Tuseme nyumba ya vyumba vinne inaitishwa shilingi 10,000 kwa usiku. Kwa usiku 42 hiyo ni 420,000, na hapo mazungumzo ya ukoo huishia. Sasa mwendee mwenyewe umwombe bei ya mwezi, nje ya msimu, malipo ya mkupuo. Akikubali 120,000 kwa mwezi, wiki 6 ni kama 180,000. Familia tatu za ndugu zikigawana ni 60,000 kila moja, na mkianza kuchanga Januari hadi Oktoba ni 6,000 kwa mwezi. Nambari hizi ni za mfano, weka zako, lakini utaratibu wa hesabu ndio huo.

Kodi ikishapatikana, ongeza maji, umeme, gesi, mshahara wa msaidizi, nauli na chakula. Chakula watu hukadiria chini kila mara. Mtoto aliyetoka kuogelea anakula mara mbili ya yule aliyeshinda mbele ya televisheni.

Pesa zikae mahali pamoja, mhazini awe mmoja, na taarifa ziwekwe kwenye kundi la WhatsApp la familia kila mwezi. Anayechanga kidogo kwa sababu ya hali yake asitangazwe, na asipewe wiki mbaya. Mambo hayo huvunja undugu kwa miaka.

4. Mtaa gani

Nyali iko karibu na kila kitu, ina bichi nzuri, na ni ghali. Bamburi ni ya wastani na ina bichi ya umma ya Jomo Kenyatta, ile watu wanayoiita Pirates, ambayo siku za sikukuu hujaa watu na tairi za kuelea za kukodi. Shanzu imetulia zaidi. Ukivuka daraja la Mtwapa umeingia kaunti ya Kilifi, na kutoka hapo hadi Kikambala utapata nyumba kubwa zenye uwanja kwa bei ambayo Nyali huipati. Kwa familia kubwa inayokaa muda mrefu, mimi ningeanza kutafuta Shanzu na Kikambala. Foleni ya barabara ya Malindi ni ya kweli, lakini mtu anayekaa wiki 6 hana haja ya kwenda mjini kila siku.

Upande wa kusini kuna Likoni na Shelly, kisha Tiwi na Diani kule Kwale. Kivuko cha Likoni ni bure kwa anayetembea kwa miguu, ila gari linalipa na linasubiri. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inakutoa Miritini, ambako ndiko kituo cha treni ya SGR, hadi upande wa Kwale bila kugusa feri. Mzazi anayekuja kila Ijumaa kutoka Nairobi alipime hilo kabla ya kuikataa Tiwi.

Usilipie zaidi ili nyumba iguse mchanga. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Bahari ni yako hata ukilala mtaa wa tatu. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni njia ya kufika. Vichochoro vingi vya zamani vya kuteremkia pwani vimezibwa kwa kuta. Tembea kwa miguu, na mtoto ukiweza, kutoka geti la nyumba hadi kwenye maji. Ikiwa ni dakika 10 za kivuli, nyumba inafaa. Ikiwa inabidi kuvuka barabara kuu ya Malindi au kumwomba askari wa hoteli, endelea kutafuta.

5. Kuikagua nyumba

Picha hazitoshi. Matapeli huchukua picha za nyumba ya mtu, wakaomba dipoziti ya kushikilia, kisha simu ikazimwa. Kila familia yenye asili ya Mombasa ina jamaa hapa, mtumeni akaone. Asiyekuwa na mtu aje mwenyewe siku moja. Msilipe hata shilingi kabla ya mmoja wenu kusimama ndani ya nyumba, na jina linalotokea kwenye M-Pesa lilingane na kitambulisho cha anayewapa ufunguo. Ulizeni na duka la karibu nyumba ni ya nani. Muuza duka anajua.

Swali la kwanza ukifika liwe la maji. Maji ya mji huu hutoka mbali, Mzima kule Tsavo na Baricho kando ya mto Sabaki, na hayatoshi. Mifereji mingi haitoi kila siku. Nyumba nyingi za kando ya bahari zina kisima, na maji yake mara nyingi ni ya chumvi. Ya kuogea na kuoshea yanafaa, ingawa sabuni haitoi povu vizuri. Ya chai hayafai. Fungua mfereji wa jikoni uonje. Uliza tangi ni la lita ngapi na linajazwa na nani. Watu 12 wakitumia lita 60 kila mmoja ni lita 720 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 5,000 linakwisha kwa wiki. Kama mtanunua maji ya lori au ya mkokoteni, jueni bei ya mtungi wa lita 20 hapo mtaani na muiweke kwenye hesabu. Ulizeni pia shimo la choo lilinyonywa lini mara ya mwisho. Watu 12 wakiingia kwenye nyumba iliyozoea wageni wawili, shimo hujaa upesi.

Umeme wa tokeni: hakikisha mita haina deni la mtu mwingine, kwa kununua tokeni ndogo na kuona kama inaingia nzima. Kiyoyozi kitakula pesa, na nyumba yenye madirisha yanayotazamana na baraza pana haikihitaji. Feni ziwe kila chumba. Nyavu za madirisha zikiwa zimetoboka, mwenyewe azitengeneze kabla hamjaingia, na hata hivyo kila kitanda kiwe na neti, kwani malaria ipo pwani.

Hewa ya chumvi hula chuma. Jaribu makomeo yote, jiko la gesi, bawaba za geti, na vyuma vya madirisha ya ghorofani ambako watoto wataegemea. Kama kuna bwawa la kuogelea lisilo na uzio na mna watoto wa chini ya miaka 6, mimi nisingeichukua nyumba hiyo hata kwa nusu bei.

6. Mkataba

Uwe wa maandishi, kurasa mbili zinatosha. Utaje tarehe ya kuingia na kutoka, idadi ya watu watakaolala, kodi, dipoziti na siku ya kuirudisha, nani analipa maji, umeme, mlinzi na taka, na nini kitatokea mwenye nyumba akipata mteja wa bei ya juu katikati ya muda wenu. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linalowatoa watu mapema Desemba. Siku ya kuingia pigeni video ya kila chumba, pamoja na nyufa na sahani zilizovunjika, mumtumie mwenyewe papo hapo.

7. Kuijua bahari ya mbele ya nyumba yenu

Mgeni wa siku tatu anaweza kuogelea wakati wowote anaoamka. Anayekaa wiki sita ajifunze maji, na hii ndiyo faida kubwa ambayo watoto wataondoka nayo.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndiyo siku za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita 3. Hapa Mombasa siku za bamvua maji hukauka mnamo saa nne za asubuhi na kujaa mnamo saa kumi za jioni. Kwa hiyo asubuhi ni ya kutembea kuelekea mwambani na kutazama vidimbwi, na jioni ni ya kuogelea. Wiki inayofuata, siku za maji mafu, hugeuka: hujaa asubuhi na kupwa alasiri, na tofauti huwa ndogo. Bandikeni ukutani karatasi ya saa za maji za mwezi mzima. Mpeni mtoto wa miaka 10 kazi ya kuwasomea wenzake kila usiku.

Sheria za nyumba nazo ziwe chache na zisizojadiliwa. Hakuna anayekwenda mwambani maji yakiwa yanaanza kurudi; bahari hujaza mabonde ya nyuma kwanza, na mtu hujikuta amezungukwa. Hakuna anayeogelea karibu na mlango wa mwamba, yaani pengo ambamo maji hupita, hasa maji yanapotoka, kwani mkondo wa hapo humshinda hata mtu mzima hodari. Kila anayetembea kwenye mawe avae viatu vya raba, kwa sababu ya wale wadudu wa miiba mirefu myeusi. Konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, wakionekana, watoto watoke majini. Na kila watoto wanne walio majini wawe na mtu mzima mmoja aliyesimama, simu iko mfukoni.

Mbele ya Nyali na Bamburi kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986. Matumbawe hayakanyagwi na kombe hazichukuliwi nyumbani. Mfundisheni mtoto kuzigeuza, kuzitazama na kuzirudisha zilivyokuwa. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ufukweni na kwenye hifadhi, kwa hiyo chupa za maji ziwe za kujazwa tena.

8. Siku za kawaida

Samaki nunueni kwa wavuvi asubuhi wanapofika, si kwa anayepita na baiskeli saa saba za mchana. Mboga na matunda ya wiki fuateni soko la Kongowea. Mahamri na mbaazi mtazipata mtaa wowote, na madafu yatawafuata yenyewe.

Siku ya nne au ya tano watoto watasema wamechoka na hawana la kufanya. Msikimbilie kuwapeleka mahali pa kulipia. Kuchoka huko hupita kama simu zimewekwa mbali, kisha michezo yao wenyewe ndiyo inaanza, na binamu waliokuwa hawajuani wanakuwa ndugu. Likizo ya siku nne huishia kabla ya hapo. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kusisitiza muda mrefu.

Siku moja kwa wiki itengeni kwa kutoka: Fort Jesus na Mji wa Kale, au Haller Park ambako machimbo ya simiti yaligeuzwa msitu. Wenye watoto wa madrasa waulize msikiti wa karibu kama wanapokea wanafunzi wa muda. Andikeni mlangoni nambari ya mtu wa tuktuk anayepatikana usiku na zahanati ya karibu. Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani, na ukiwa Kikambala hiyo ni mbali.

9. Kama nyumba ipo tayari katika ukoo

Hawa ndio wenye bahati, na ndio wanaoipoteza kwa haraka zaidi. Mzee anafariki, hati inabaki kwa jina lake, reti za kaunti zinalimbikizana, mmoja anataka kuuza, na mnunuzi wa maghorofa yuko getini. Waislamu wapeleke mirathi kwa Kadhi mapema, na mzee aliye hai afikirie kuiweka wakfu kwa kizazi chake akiwa na nguvu zake. Wengine wafuate Sheria ya Urithi, bila kungoja. Kisha kubalianeni kwa maandishi mambo matatu: mchango wa mwaka wa reti, mlinzi na matengenezo, zamu za wiki zinazozunguka ili asiwe mmoja wa Desemba kila mwaka, na jinsi ndugu anayetaka kutoka atakavyolipwa sehemu yake kwa tathmini ya mthamini aliyesajiliwa. Miezi mnayoacha tupu ikodisheni, ijilipie rangi na bati.

10. Kutoka

Toeni siku nzima ya mwisho kwa usafi. Pigeni tena video ya vyumba, someni mita, mlipeni msaidizi na bakshishi mbele ya wote, na mkabidhi ufunguo kwa mwenye nyumba mwenyewe au aliyetajwa kwenye mkataba. Dipoziti idaini siku hiyo hiyo kama mlivyoandikiana. Mkiwa bado naye mezani, muombe tarehe hizo hizo za mwakani na mlipe kidogo cha kushikilia, kwa risiti.